Nguvu ya Waviking ilikuwa wapi: katika silaha, katika vyombo vyao vya baharini, au katika mashamba yao?

Mdadisi wa Kihonda:

Salaam, ndugu wanajukwaa.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za Waviking, na kila ninapomaliza sura moja ninabaki na swali lilelile. Tarehe 8 Juni 793 watu kutoka Skandinavia waliivamia monasteri ya Lindisfarne, katika kisiwa kidogo kilicho kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wakaua watawa, wakabeba vitu vya thamani na kuchukua mateka. Mwaka 845 kundi la meli 120 lilipanda mto Seine hadi Paris, na mfalme wa Wafaranki, watu waliotawala nchi ambayo leo ni Ufaransa na jirani zake, Charles aliyepewa lakabu ya Kipara, akalazimika kulipa ratili 7,000 za fedha na dhahabu ili waondoke. Mwaka 865 jeshi lao kubwa lilitua Uingereza, na kabla ya miaka 10 kwisha lilikuwa limeangusha falme tatu kati ya nne zilizokuwapo huko.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa walitoka katika nchi ya wakulima na wafugaji waliotawanyika, isiyokuwa na miji mikubwa, hazina ya dola wala jeshi la kudumu. Je, walikuwa na silaha bora kuliko wenzao? Je, walikuwa hodari zaidi vitani? Au ni vyombo vyao vya baharini vilivyowapa nafasi hiyo? Tena ningependa kujua ni nani aliyebaki kulima na kuchunga wakati wanaume wakiwa safarini, kwa sababu filamu nyingi hazituonyeshi mtu yeyote akishika jembe.

Naomba tusipoteze muda kwa habari ya kofia zenye pembe. Najua kwamba zilitoka katika maleba ya opera ya Kijerumani ya mwaka 1876.

Fundi Mashua:

Ndugu Mdadisi, nitajibu upande wa vyombo, kwa kuwa maisha yangu yote yamekuwa ya mbao, misumari na kalafati.

Chombo kinachofahamika vizuri zaidi ni kile cha Gokstad, kilichofukuliwa mwaka 1880 karibu na Sandefjord, Norwei, ambako kilikuwa kimetumika kama kaburi la mtu mkubwa. Kiliundwa kwa mti wa mwaloni karibu na mwaka 890, kina urefu wa mita 23 na upana unaozidi kidogo mita 5, na kina matundu 16 ya makasia kila upande. Hakuna mabenchi yaliyopatikana ndani yake, na wataalamu wengi wanaamini kwamba kila mpiga kasia alikalia sanduku lake mwenyewe la safari.

Lililo muhimu kwa fundi ni jinsi mbao zake zilivyopatikana. Hawakutumia msumeno. Gogo lilipasuliwa kwa kabari kutoka moyoni kuelekea kwenye ganda, kisha kila kipande kikachongwa kwa shoka, na kwa hiyo ubao ulifuata nyuzi za mti wenyewe na ukaweza kufanywa mwembamba bila kupoteza nguvu. Ubao wa juu ulilalia ukingo wa ubao wa chini, na mbao hizo mbili zikashikwa pamoja kwa misumari ya chuma iliyopigwa kutoka nje na kufyatwa ndani juu ya kisahani kidogo cha chuma. Kwenye maungio waliweka kalafati ya sufu au manyoya ya wanyama iliyolowekwa lami ya msonobari. Mataruma, yaani mbao za kiunzi cha ndani, yaliingizwa baadaye, ubavu ukiwa tayari umesimama, na katika chombo cha Gokstad mbao zilizo chini ya maji, ambazo unene wake ni kama sentimita 2.5 tu, zilifungwa kwenye mataruma kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari.

Matokeo yake ni chombo chepesi kinachojikunja pamoja na wimbi. Mwaka 1893 nahodha Magnus Andersen alivusha nakala ya chombo cha Gokstad kutoka Bergen hadi Amerika ya Kaskazini kwa muda wa karibu wiki nne, kikaenda kuonyeshwa Chicago, na aliripoti kwamba ukingo wa juu ulipinda kwa takriban sentimita 15 katika bahari chafu bila chombo kuvuja. Wanaojua habari za mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni hawatashangaa, kwa sababu chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za makumbi nacho kilisifiwa kwa kutobishana na mawimbi.

Sasa tazama faida ya kivita. Chombo cha namna hii, hata kikiwa na watu na mizigo, kilihitaji kina cha maji cha takriban mita 1. Hakikuhitaji bandari wala gati: kilipanda mchangani, watu wakashuka na kupigana, na kwa kuwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, zilichongwa kwa umbo moja, kiliweza kurudi nyuma majini bila kwanza kugeuzwa. Usukani ulikuwa kasia pana lililofungwa ubavuni upande wa kulia, nao uliweza kuinuliwa maji yalipopungua. Mlingoti uliweza kulazwa. Upepo ukiwa mzuri walitweka tanga moja la mraba na kwenda kilomita 18 au zaidi kwa saa. Upepo ukilala, walikamata makasia. Mji uliokuwa umbali wa siku kadhaa kutoka baharini, ambao watu wake hawakuwahi kuwaza habari ya adui wa baharini, ulijikuta uko pwani.

Lakini tusifikiri kwamba vyombo vyote vilikuwa vya vita. Katika ghuba ya Roskilde, Denmark, yalifukuliwa mwaka 1962 mabaki ya vyombo vitano vya Skuldelev, na tofauti kati yake ni kubwa. Kimoja kilikuwa cha kivita, kirefu cha mita 30 na chembamba cha mita 3.8, chenye nafasi ya wapiga makasia wapatao 60. Pete za mbao zake zimeonyesha kwamba miti ilikatwa karibu na Dublin mwaka 1042. Kingine kilikuwa cha mizigo, kifupi cha mita 16 lakini kipana na chenye tumbo kubwa, kilichoweza kubeba takriban tani 24 na kuendeshwa na mabaharia wachache. Hiki cha pili ndicho aina ya chombo kilichowafikisha watu Iceland na Greenland pamoja na ng'ombe, kondoo na watoto wao. Watu wengi huvutiwa na kile cha kwanza, lakini mimi ningeulizwa ningemsifu zaidi fundi wa kile cha pili.

Kalamu ya Zamani:

Namheshimu Fundi Mashua kwa maelezo yake, na sina la kupinga kuhusu ufundi. Hata hivyo, chombo peke yake hakimshindi mtu, na nadhani inafaa tuangalie vita vyenyewe.

Kwanza silaha. Silaha ya kawaida ya Mviking ilikuwa mkuki, pamoja na shoka na kisu, vitu ambavyo mkulima yeyote angeweza kuwa navyo. Upanga ulikuwa mali ya mtu mwenye uwezo, na panga zilizosifiwa kuliko zote, zile zilizoandikwa jina la Ulfberht, zinaaminika kuwa zilitengenezwa katika nchi ya Wafaranki, yaani katika nchi ya watu walewale waliovamiwa. Jambo hili liliwaudhi wafalme wa Wafaranki kiasi kwamba mwaka 864, kwa amri iliyotolewa Pîtres, Charles Kipara aliweka adhabu ya kifo kwa yeyote atakayewauzia Waviking deraya, silaha au farasi. Deraya ya vipete vya chuma ilikuwa adimu na kofia ya chuma vilevile. Ile iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, imebaki kuwa mojawapo ya chache sana zinazojulikana za zama hizo. Wengi walijikinga kwa ngao ya duara ya mbao nyembamba, pana karibu mita moja, ambayo iliacha miguu wazi. Mifupa ya mtu aliyezikwa katika chombo cha Gokstad ina majeraha ya silaha miguuni.

Kwa hiyo kwenye silaha hawakuwa na ubora wowote wa kutisha. Katika uwanja wa vita ulio wazi, pale ambapo adui alikuwa amejiandaa, walishindwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Alfred, mfalme wa Wessex kusini mwa Uingereza, aliwashinda Edington mwaka 878, na kiongozi wao Guthrum akakubali kubatizwa. Wafaranki waliwapiga Saucourt mwaka 881, na Leuven mwaka 891. Mwaka 844 waliingia mto Guadalquivir wakaiteka na kuipora Seville, lakini jeshi la amiri Abd al-Rahman wa Pili wa Cordoba likawakuta na kuwaua wengi, na baada ya hapo amiri akaimarisha kuta za mji na kuunda kikosi cha meli.

Walichokuwa nacho ni uhuru wa kuchagua mahali na wakati. Mwaka 843 waliuvamia mji wa Nantes tarehe 24 Juni, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mji ukiwa umejaa watu, wakamuua askofu. Hilo si jambo la bahati nasibu. Walifahamu kalenda ya Wakristo, walifahamu pia kwamba wajukuu wa Charlemagne, mfalme mkuu wa zamani wa Wafaranki, walikuwa wamepigana wao kwa wao tangu mwaka 840 na kwamba hakuna jeshi lingekuja upesi. Mtu anayesema kwamba walikuwa washenzi wasiojua lolote hajatazama tarehe za mashambulizi yao.

Ushahidi mzuri zaidi unatokana na dawa iliyowazuia. Amri ile ya mwaka 864 iliagiza pia kwamba madaraja yenye ngome yajengwe juu ya mito. Alfred naye hakutafuta upanga mpya. Alijenga miji yenye kuta ipatayo 30, iliyopangwa ili mkulima wa Wessex asiwe mbali mno na mahali pa kukimbilia, akagawa jeshi lake katika zamu ili nusu wawe nyumbani na nusu kazini. Mwaka 885 kundi kubwa la Waviking lilipofika tena Paris lilikuta madaraja yamefunga mto, na kwa karibu mwaka mzima likashindwa kupita. Hata mfalme alipowaruhusu kwenda Burgundy, juu zaidi ya mto, watu wa Paris waliwakatalia njia ya majini, na Waviking wakalazimika kuvivuta vyombo vyao nchi kavu kuuzunguka mji. Kwa hiyo, ndugu Mdadisi, ukitaka jibu langu kwa kifupi: walishinda pale ambapo chombo kiliwawezesha kufika kabla ya jeshi, na walishindwa pale ambapo mtu aliwafungia mto.

Binti Mfumaji:

Kaka zangu, mmezungumza vizuri, lakini mmetweka tanga bila kuuliza limetoka wapi. Ndugu Mdadisi aliuliza nani alibaki nyumbani, na mimi naona swali hilo ndilo lililobeba uzito wa mambo yote.

Tanga la Waviking lilikuwa la sufu. Kondoo wa kaskazini walikuwa wadogo, wenye sufu ya aina mbili katika ngozi moja: nyuzi ndefu ngumu za nje zinazozuia maji, na nyuzi laini za ndani. Sufu hiyo ilichambuliwa, ikachanwa, ikasokotwa kwa pia ya mkononi, kwa kuwa gurudumu la kusokotea lilikuwa bado halijafika Ulaya, kisha ikafumwa kwenye kitanda cha mfumi kilichosimamishwa ukutani, nyuzi zake zikivutwa chini na mawe au vigae vya udongo. Mfumaji alifanya kazi amesimama, akitembea kutoka upande huu hadi upande ule. Vipande vilivyopatikana vilishonwa pamoja, na nguo yote ikapakwa mafuta ya wanyama, lami na udongo mwekundu ili upepo usipenye.

Tanga la kile chombo cha mita 30 alichokitaja Fundi Mashua linakadiriwa kuwa na eneo la mita za mraba 112. Wataalamu wa Denmark na Norwei waliofuma matanga kwa njia za kale wamethibitisha kwamba tanga moja la chombo kikubwa lilihitaji sufu ya kondoo wengi sana na kazi ya mtu mmoja kwa miaka kadhaa mfululizo, na mara nyingi kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuunda chombo chenyewe. Zidisha hayo kwa meli 120 zilizopanda Seine, ongeza nguo, blanketi na mahema ya mabaharia, ndipo utaona ni wanawake wangapi, huru na watumwa, waliokuwa wakisokota ili wanaume wale waonekane Paris siku moja ya mwezi Machi.

Tena hili linajibu kwa sehemu kwa nini mambo haya yalianza wakati ule. Vyombo vya kale vya kaskazini, kama kile cha Nydam cha karne ya 4, viliendeshwa kwa makasia matupu. Tanga liliingia Skandinavia kwa kuchelewa, karibu na karne ya 8. Huko Salme, katika kisiwa cha Saaremaa, Estonia, wafanyakazi waliokuwa wakichimba ardhi mwaka 2008 walikuta mifupa ya watu na silaha, na hatimaye vikapatikana vyombo viwili vilivyozikwa karibu na mwaka 750 vikiwa na wanaume 41 waliotoka Uswidi. Wanne kati yao walikuwa ndugu wa tumbo moja, kama vinasaba vilivyoonyesha. Hiyo ni miaka 40 hivi kabla ya Lindisfarne, na kimojawapo cha vyombo hivyo kinadhaniwa kuwa kilikuwa na tanga.

Kuhusu maisha ya nyumbani, wengi waliishi katika nyumba ndefu za mbao au za majani ya ardhi yaliyokatwa pamoja na udongo wake, moto ukiwa katikati na mabenchi ya kulalia kando ya kuta, na mara nyingi ng'ombe wakiwa upande mmoja wa nyumba hiyohiyo wakati wa baridi. Nyumba ya mkuu wa Borg, katika visiwa vya Lofoten, ilikuwa na urefu wa mita 83, lakini hiyo ilikuwa ya mtu mmoja kati ya maelfu. Walilima shayiri, nafaka iitwayo rai na kitani, wakakata nyasi kiangazi chote ili mifugo isife kwa njaa, wakatengeneza siagi, jibini na maziwa mgando, na kaskazini wakakausha samaki kwa upepo. Nyasi zilikuwa muhimu kuliko vita. Asiyekata za kutosha alichinja ng'ombe wake kabla ya majira ya baridi.

Mke mwenye nyumba alishika funguo, na nyingi zimepatikana katika makaburi ya wanawake. Al-Tartushi, msafiri kutoka Andalusia aliyefika mji wa Hedeby, uliokuwa wa Wadenmark, karibu na mwaka 965, aliandika kwamba mwanamke wa huko aliweza kumwacha mume wake kwa hiari yake mwenyewe. Aliandika pia kwamba chakula chao kikuu ni samaki, kwamba wanaume na wanawake hupaka rangi machoni, na kwamba hajapata kusikia uimbaji mbaya kuliko wa watu wale, unaofanana na mbwa wanaobweka. Huyo bwana hakufurahia safari yake.

Chombo cha Oseberg, kilichofukuliwa mwaka 1904, nacho tukitaje. Kilizikwa mwaka 834 kikiwa na wanawake wawili, mmoja akiwa mzee wa miaka 70 au zaidi, pamoja na gari la kukokotwa, sleji zilizonakshiwa, vitanda, ndoo, vyombo vya jikoni na vifaa vya kufumia. Watu waliowazika wanawake wale hawakuona aibu kuweka vifaa vya kufumia ndani ya chombo cha kifahari kuliko vyote tulivyonavyo kutoka zama zile.

Mdadisi wa Kihonda:

Ahsanteni sana. Dada Binti Mfumaji, hesabu yako ya sufu imenifanya niyatazame mambo haya upya. Hata hivyo umewataja watumwa kwa kupita tu, na mimi naona kuna jambo hapo. Kama kazi ya tanga na ya shamba ilikuwa nzito hivyo, je, mateka waliochukuliwa walipelekwa nyumbani kufanya kazi, au waliuzwa? Tena nimesikia kwamba sarafu za Waarabu hupatikana kwa wingi huko Uswidi. Zilifikaje?

Msomaji wa Safari:

Ndugu Mdadisi, maswali yako mawili yana jibu moja kwa sehemu kubwa.

Baadhi ya mateka walibaki. Vinasaba vya watu wa Iceland vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake wa mwanzo wa kisiwa kile walitoka Ireland na Uskoti, na si wote waliokwenda kwa hiari. Lakini wengi waliuzwa. Dublin, iliyoanzishwa mwaka 841 kama kambi ya meli, iligeuka kuwa soko kubwa la watumwa, na upande wa mashariki watu waliojulikana kama Warusi, wenye asili ya Uswidi, waliteremka mito ya nchi ambayo leo ni Urusi na Ukraine wakiuza manyoya na binadamu.

Ibn Fadlan, aliyetumwa na khalifa kutoka Baghdad mwaka 921, alikutana nao mwaka uliofuata kwenye mto Volga, katika nchi ya Wabulgar. Alisema hajapata kuona miili iliyokamilika kama yao, mirefu kama mitende, na kwamba kila mwanamume hakuachana na shoka, upanga na kisu. Kisha, kwa mtu aliyezoea udhu, akashtushwa na namna walivyonawa uso na kupenga kamasi katika bakuli moja lililopitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Lakini kwa swali letu kuna jambo lenye maana zaidi: alimwona mfanyabiashara akisujudu mbele ya sanamu la mti, akitaja idadi ya wasichana watumwa na ngozi aliokuja nao, na kuomba aletewe mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi asiyebishana bei.

Dirhamu hizo, nyingi zikiwa za watawala wa Kisamani wa Asia ya Kati zilizopigwa Samarkand, Bukhara na miji ya jirani, zilirudi kaskazini kwa mito ileile. Mwaka 1999, huko Spillings katika kisiwa cha Gotland, ilipatikana hazina yenye uzito wa kilo 67 za fedha, ikiwa na sarafu zaidi ya 14,000 ambazo karibu zote ni za nchi za Kiislamu. Waviking hawakujali maandishi yaliyomo juu yake. Walipima uzito kwa mizani ndogo ya kukunjwa, na ikihitajika chenji waliikata sarafu vipande. Vipande hivyo vimepatikana hata Torksey, Uingereza, ambako lile jeshi kubwa lilipiga kambi majira ya baridi ya mwaka 872 hadi 873 katika eneo la hekta 55, wakifua chuma, wakishona, wakifanya biashara na kucheza bao lao la vita. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na ndugu Kalamu ya Zamani: kambi ya namna ile ilikuwa mji unaohama, wenye soko, mafundi na wanawake, na uvamizi ulikuwa njia mojawapo tu ya kupata bidhaa za kuuza.

Kalamu ya Zamani:

Sina ugomvi na hilo. Nyongeza yangu ni kwamba mara tu uvamizi ulipokuwa biashara, wafalme waliutaka uwe wao peke yao. Karibu na mwaka 980 Harald Bluetooth wa Denmark alijenga ngome za duara zilizopimwa kwa ustadi mkubwa, kama Trelleborg, Fyrkat na Aggersborg, ambayo upana wake ni mita 240, na ngome hizo zilielekezwa kwa raia wake mwenyewe kama zilivyoelekezwa kwa maadui wa nje. Mwanawe Svein na mjukuu wake Knut hawakuja Uingereza kupora monasteri. Walikuja kuchukua ufalme wote, na mwaka 1018 Knut alikusanya kodi ya ratili 82,500 za fedha kwa utaratibu wa serikali. Ukiwa na kodi ya namna hiyo, huna haja tena ya kumruhusu kila mwenye chombo na jamaa 30 aende kujitafutia.

Ndugu Fundi Mashua alitaja vyombo vitano vya Skuldelev bila kusema vilifikaje chini ya maji. Havikuzama kwa dhoruba. Katika miaka ya 1070, ambapo mfalme Harald Hardrada wa Norwei alikuwa ameshakufa katika vita vya Stamford Bridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1066 na kati ya meli zake 300 zikatosha 24 tu kuwarudisha waliosalia, watu wa Roskilde walivijaza mawe vyombo vilivyochakaa, kikiwamo kile cha Dublin, wakavizamisha katika mkondo wa ghuba ili kuufunga usipitike na meli za adui. Adui waliyemwogopa alikuwa Mskandinavia mwenzao.